Kama Hai

Jumamosi, 14 Septemba 1901

Matofaa ya Bi. Hembrow yameanza kuanguka. Tangu asubuhi nayasikia kwenye nyasi ng'ambo ya ua, pu, pu, na kila likianguka moja Mama anainua kichwa kutazama mlango. Barua ya jeshi ilifika mwezi wa Mei, na bado anainua kichwa. Hasemi kaka yangu Clem amekufa. Anasema Clem amechelewa. Kila Jumatatu anaanika mablanketi ya kitanda chake, na mimi nimeacha kubishana naye, maana nguvu zenyewe sina.

Leo imekuja bahasha ya watu wa Kamusi, ile kubwa ya Kiingereza inayotoka herufi kwa herufi. Baba amekuwa msomaji wao wa kujitolea tangu alipokuwa bado mwalimu mkuu hapa kijijini. Wanamtajia neno, yeye anapekua vitabu vya kale, akiikuta sentensi lilimotumika anainakili kwenye kikaratasi pamoja na jina la kitabu, mwaka na ukurasa, anawatumia. Siku hizi macho yake ni mimi. Mtoto wa jicho amemshika pande zote mbili. Anajua dirisha liko wapi, basi.

"Wamefika herufi gani?" aliuliza kabla sijapasua bahasha.

"L, Baba."

"Ee, wamekwenda! Nitawahi kuiona M. Soma."

Neno lenyewe ni lifelike. Ni vipande viwili tu: life, uhai, na like, kama. Kama hai. Sote tunalijua, tunalisema kila tukiona picha nzuri. Lakini mhariri anasema kale halikuwa neno la picha. Lilisemwa juu ya mtu, mtoto mchanga au mgonjwa, aliyeonyesha dalili za kuishi. Mifano ya maana hiyo wanayo haba, wanaomba mingine.

Baba alipiga paja. "Ninayo! 'Mtoto alizaliwa dhaifu lakini mwenye dalili za kuishi, na mama yake akacheka.' Ndilo neno lenyewe, Honor, limekaa pale katikati. Niliisoma nikiwa kijana. Andika!"

Nilichovya kalamu. "Kitabu gani?"

Akakuna ndevu.

"Cha mchungaji fulani wa kale. Anasimulia habari za parokia yake. Kilikuwa na jalada la kahawia."

"Baba, vyote vina jalada la kahawia. Si tuitume hivyo hivyo? Sentensi unayo nzima."

"Weka kalamu chini." Sauti ile ile aliyowafokea watoto wa kijiji kwa miaka yote ile. "Kilicho kichwani si ushahidi. Kichwa kinajitungia. Ukurasa ndio unaosema."

Basi tumeanza kutafuta.


Jumapili, 15 Septemba

Mvua. Nimemsomea mahubiri ya kale mpaka sauti ikakauka. Hamna kitu.


Alhamisi, 19 Septemba

Nilikwenda kumsaidia Bi. Hembrow kuokota matofaa. Huyu ni jirani yetu, mjane, mwenye mdomo usiomkaa na moyo mzuri ambao anauficha. Nilimuuliza kama marehemu mumewe aliacha vitabu, maana Baba zamani alikuwa akiazima kwake.

"Vitabu? Vyembamba nimewashia moto. Vinene vinafaa kukalishia rafu huko darini, sakafu imebonyea. We Honor, utaolewa lini na hayo makaratasi yenu?"

"Yakinichumbia nitakuambia."

"Mama yako vipi?"

"Anaanika mablanketi."

Hakutania tena. Alinijazia kikapu matofaa ambayo sikuyaomba.


Jumapili, 22 Septemba

Baada ya ibada mvua ilitubana chini ya lango la uwanja wa kanisa, lile lenye paa ambapo jeneza hupumzishwa kumsubiri mchungaji. Tulisimama watu watatu, Baba katikati.

"Mnajua tumesimama ndani ya neno letu?" Baba akasema, kachangamka. "Hiyo kama, ukiichimba mpaka chini kabisa, ilikuwa mwili. Umbo la mtu. Jina la lango hili, lych-gate, limetoka kwenye shina hilo hilo, ila hapa mwili ni maiti. Kufanana na kitu ni kuwa na mwili wake. Kwa hiyo neno zima..."

Mama alitoka akaingia kwenye mvua. Akatembea mpaka nyumbani bila mwavuli, kofia imemlowa imelala kama kitambaa cha vyombo.

"Nimesema nini?" Baba aliuliza.

Angekuwa na macho angemwona.

Clem hakupumzishwa chini ya lango lolote. Alikwenda vita vya Makaburu kwa sababu wapiga kengele wenzake wawili wa kanisani walikwenda, akashikwa na homa ya matumbo, akafia hospitali ya jeshi huko Bloemfontein, Afrika Kusini. Alizikwa huko huko na watu tusiowajua. Haikurudi hata kifungo cha koti. Tulichobaki nacho ni kile tunachokikumbuka, na leo nikiwa nimekaa na soksi mbichi nimejaribu kukiandika. Pua ya Mama. Macho ya kijivu. Mdomo unaoanza kucheka kabla ya utani kufika. Na sikio la kushoto, ambalo ncha yake ya juu ilizaliwa imekunjwa kama pembe ya ukurasa. Baba alikuwa akilishika na kusema, "Hapa Mungu aliweka alama, atarudi kuendelea kusoma." Clem alilia kwa utani huo alipokuwa mdogo. Alipokua akawa anaurudia mwenyewe kuwachekesha wasichana.


Jumatatu, 30 Septemba

Mablanketi.


Alhamisi, 3 Oktoba

Leo amekuja mtu kwa baiskeli, anaitwa Bwana Spratling, wakala wa picha. Anachukua picha yako ndogo, anaipeleka kwa mabwana zake mjini, wanaikuza ukubwa wa dirisha na kuipaka rangi. Tangu vita vianze anazunguka vijijini akiuliza kwenye duka la kwanza analolikuta nyumba zipi zimefiwa. Mimi nilitaka kumfungia mlango. Mama alimkaribisha chai.

Picha ya Clem tunayo moja tu, kikundi cha wapiga kengele siku ya matembezi yao. Wenzake wote wametulia kama nguzo. Clem mtu alimwita, akageuka, uso ukatoka ukungu mtupu na kola. Sikio halionekani, macho hayaonekani. Mama aliitoa kwenye Biblia akamwonyesha kwa kidole.

"Huyu."

Bwana Spratling aliitazama bila kukunja hata nyusi. "Mama, hata kama ingekuwa ndogo kuliko kunde. Unipe uso tu, nakurudishia mwanao. Kama hai, au hunilipi hata peni."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na moto. Aliinuka.

"Umesemaje, kijana?"

"Nimesema kama hai, mzee."

"Neno hilo mmelichapisha popote?"

Maskini akadhani ameshtakiwa. "Lipo kwenye kadi yetu, mzee. Ni halali kabisa."

"Lete kadi! Honor, kalamu! Mwaka wa kuchapishwa upo?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Hata Mama alicheka, na Baba akafuata. Ni mara ya kwanza tangu Mei watu watatu wa nyumba hii kucheka pamoja, na aliyetuchekesha ni tapeli.

Nilimfuata hadi kwenye baiskeli. "Uso haupo pale. Mtautoa wapi?"

"Dada, wachoraji wetu wana uzoefu."

"Uzoefu wa uso wa kaka yako wewe?"

"Wana uzoefu wa vijana." Alisema kwa upole, na nadhani aliamini. "Mama zao huwa wanafurahi."

Niliandika kwenye fomu yake: macho kijivu, sikio la kushoto limekunjwa juu. Nikapiga mstari chini ya sikio. Alikunja fomu, akaitia mfukoni pamoja na picha yetu, akaondoka na mvua.


Jumamosi, 12 Oktoba

Kinu cha Bi. Hembrow kimeanza kukamua. Kijiji kizima kinanuka matofaa yaliyochachuka, na nyigu wamelewa hawajui hata kuuma.

Leo nimevipanga vikaratasi vyote tulivyokwisha kuandika. Sanamu ya jiwe ya mfalme. Mwanasesere wa nta. Picha ya bibi mmoja juu ya ngazi. Samaki wa kuchonga. Sura ya maiti iliyokandikwa plasta. Nikamwambia Baba, "Hakuna hata kimoja chenye mtu anayepumua. Neno hili linasifia vitu vilivyokufa tu. Mtu hai huwezi kumwambia yuko kama hai, atakupiga kofi."

"Umeona vizuri. Ndiyo maana naitaka ile ya kale. Palikuwa na wakati neno hili lilikuwa na matumaini ndani yake."

"Labda yalikwisha."

"Endelea kusoma, mwanangu."


Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Mto umepanda. Nimemaliza mahubiri, nimeingia kwenye safari za mabaharia. Sanamu nyingine.


Jumapili, 27 Oktoba

Wapiga kengele leo wamefunga ndimi za kengele kwa ngozi upande mmoja, kwa ajili ya askari wetu waliokufa mwaka huu. Pigo moja linalia wazi, la pili linajibu kwa mbali kana kwamba liko chini ya maji. Mama alisema kengele zimeharibika, waite fundi.


Jumamosi, 9 Novemba

Malisho yote ya bondeni yamegeuka ziwa. Tumemaliza kabati la mwisho.

"Hakuna?" Baba akauliza.

"Hakuna."

"Basi sikuisoma."

"Baba, umeisema neno kwa neno."

"Nimejitungia. Nilikuwa kijana, napenda mambo mazuri, nikatunga sentensi nzuri, nikaiweka kwenye mdomo wa mchungaji. Ndivyo kichwa kilivyo." Alitoa mkono, akaupapasa mpaka akaupata wangu. "Iache. Waandikie kwamba hatukupata."

Nikaandika. Baada ya hapo alikaa akigeuzageuza vidole, na alionekana mdogo ndani ya kiti. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Kanuni yake nimeiheshimu maisha yangu yote. Leo kwa mara ya kwanza nimeiona ikimla.


Jumanne, 19 Novemba

Picha imefika.

Mchukuzi wa stesheni aliileta kwa mtumbwi mpaka mwisho wa uchochoro kwa sababu ya mafuriko, akaibeba kichwani. Mama hakungoja kisu, alirarua karatasi kwa mikono. Bi. Hembrow alikuwa amekuja na mayai, akabaki nayo mkononi.

Ni kijana mzuri wa sura. Amevaa sare ya jeshi ambayo hatukuwahi kumwona Clem nayo. Macho ni ya buluu, si kijivu. Mdomo umefungwa kistaarabu. Masikio yote mawili ni laini na yanalingana, kama ya yule mwanamume wa mbao anayevalishwa makoti dukani. Kila kitu kimepakwa kwa ustadi: shavu lina damu, jicho lina unyevu, unangoja apepese.

Sikumjua. Sijui niseme vipi zaidi. Niliingojea picha hii kwa dharau, na bado nilikuwa nimetumaini kumwona.

"Jamani," Bi. Hembrow alisema, "kama hai!"

Mama aliweka kiganja juu ya kioo, kwenye shavu. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marehemu mwanangu," na akaporomoka. Tulimdaka mimi na Bi. Hembrow, mayai yote yakapasuka.

Jioni nilimfuata chumbani. Alikuwa ametoa mablanketi ya Clem kitandani, anayakunja ya kuweka sandukuni.

"Mama, sikio."

"Usianze, Honor."

"Umeliona lakini?"

"Nimemwona mwanangu. Tangu Mei sina pa kutazama. Nilikuwa natazama mlango. Sasa nina pa kutazama, na wewe unaniletea habari za sikio." Alikunja blanketi la mwisho. "Baba yako atataka kujua ikoje. Mwambie vizuri. Una maneno, mwambie vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Nilimsaidia kufunga sanduku.


Jumatano, 20 Novemba

Leo asubuhi Baba aliomba nimweleze picha. Alinawa uso kwanza, akachana nywele, kana kwamba anakwenda kuonana na mtu.

Nilisimama mbele ya picha nikamsomea. Ndilo neno sahihi, nilimsomea. Nilianza juu nikashuka, paji, nyusi, pua, kila kitu kwa maneno yake, jinsi alivyonifundisha mwenyewe kueleza kitu kwa mtu asiyekiona. Nilipofika kwenye macho nilisema buluu.

"Kijivu," akasema.

"Hapa ni buluu."

"Mdomo?"

"Umefungwa."

Aliinamisha kichwa upande, anasikiliza. "Na sikio? Alama yetu?"

Hapa ningeweza kusema uongo. Neno moja, lipo, na yeye angebaki na Clem wake mzima, gizani, mahali ambapo Bwana Spratling hawezi kufika na rangi zake. Lakini nilikuwa na hasira. Nilitaka mtu mmoja katika nyumba hii akasirike pamoja nami. Nilikuwa na hakika atasema, basi huyo si yeye, ishusheni.

"Halipo," nikasema. "Masikio yote ni laini."

Hakukasirika. Aliomba chai.


Jumapili, 24 Novemba

Ameniuliza tena. La kushoto? Ndiyo, la kushoto. Laini? Laini.


Jumatano, 27 Novemba

Ameuliza tena.


Jumamosi, 30 Novemba

Leo alisema jambo ambalo nilikuwa naliogopa.

"Nimefikiri sana. Mimi niko gizani mwaka wa pili. Mtu gizani anajichorea. Picha hii kubwa imetoka kwenye ile ndogo, na ile ndogo imetoka kwenye mwanga, na mwanga haumpendi mtu wala haumchukii. Labda ule mkunjo nilikuwa nao mimi kichwani."

"Baba! Nimeliona mimi mwenyewe. Sikio hilo limekulia katika nyumba hii hii!"

"Unaliona sasa?"

"Ile picha ya kengele ilikuwa ukungu mtupu. Mchoraji ametunga uso mzima!"

"Ilete tuione."

Hatuna ya kuleta. Bwana Spratling hakuirudisha. Barua niliyompelekea imerudi ikiwa na maandishi kwamba mtu huyo hajulikani hapo.

"Kwa hiyo na wewe unategemea kumbukumbu," Baba akasema. Alisema kwa upendo, hilo ndilo baya zaidi. "Honor, mwanangu, tukikubali kilicho kichwani kwa sababu tunakipenda, tutakuwa waongo wa kawaida tu. Mbele yetu pana ukurasa mmoja. Ukurasa ndio unaosema."

Nikamwambia kanuni hiyo ni ya maneno, si ya watoto. Nikamwambia Clem si neno. Nilipaza sauti mpaka Mama akatoka jikoni na unga mikononi, akaniambia nimwache baba yangu apumzike.


Jumatatu, 2 Desemba

Mvua. Nimejichukia siku nzima.


Jumapili, 8 Desemba

Mchungaji alikuja kunywa chai. Baba, ambaye hajawahi kuiona picha ile, alimwelezea. Macho ya buluu, alisema. Masikio mazuri, alisema, kijana alikuwa na masikio mazuri sana. Alikuwa akiongea kwa uhakika wa mtu anayesoma. Mama alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Mchungaji, ambaye alimbatiza Clem na kulimwagia maji sikio lile lile, alitazama picha, akanywa chai, akasema, "Kama hai kabisa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye matope. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa kubeba kitu ambacho hakuna anayetaka kukipokea.


Ijumaa, 13 Desemba

Baba ana furaha siku hizi. Anakaa chini ya picha. Anaongea nayo.


Jumamosi, 21 Desemba

Niandike polepole.

Bi. Hembrow aliniita darini kumsaidia kuchambua matofaa ya akiba, kutoa yaliyooza kabla hayajaambukiza mengine. Rafu zimepangwa mpaka kwenye paa, matofaa yamelala juu ya majani makavu bila kugusana. Nilipoinama kwenye kona niliona mguu wa rafu umekalia kitabu kinene. Cha kahawia. Nilikumbuka maneno yake ya mwezi wa Septemba.

"Bi. Hembrow, nishikie rafu."

"Umerukwa na akili? Ikianguka hiyo, Krismasi yangu imekwisha."

"Nishikie!"

Aliishika kwa bega, anatukana. Nikakichomoa, nikaweka tofali mahali pake. Mchungaji wa kale, habari za parokia yake. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na unyevu pembeni, ila jina na mwaka bado vilisomeka. Nilikaa chini kwenye majani nikasoma mbele ya Bi. Hembrow anayelalamika, na katikati ya kitabu nikaikuta. *Mtoto alizaliwa dhaifu lakini mwenye dalili za kuishi, na mama yake akacheka.* Neno kwa neno. Hata mkato ulikuwa pale pale sauti ya Baba ilipotua.

Hakujitungia. Kichwa chake kilikuwa sahihi tangu siku ile. Kilikuwa sahihi kwa kila kitu.

Nilikimbia. Nilivuka ua na kitabu kifuani, viatu vimejaa tope, Bi. Hembrow akipiga kelele nyuma kuhusu rafu. Baba alikuwa kwenye kiti chake chini ya picha. Nilipiga magoti, nikamsomea. Jina la kitabu, mwaka, ukurasa, sentensi.

Uso wake ukafunguka wote. "Nilikwambia! Si nilikwambia? Neno kwa neno! Andika, Honor, andika haraka, posta ya Jumatatu!" Alikuwa anacheka, machozi yanamshuka kwenye ndevu. "Kumbe kichwa bado kizima!"

"Kizima, Baba. Kumbukumbu yako ni nzima." Nilimshika mikono yote miwili. "Kwa hiyo na sikio. Ulikuwa sahihi na sikio pia. Unaona? Tunaweza kulirudisha."

Aliendelea kutabasamu, macho yake meupe yakitafuta sauti yangu.

"Sikio gani?" akauliza.

Nilidhani anatania. Nikamwambia la kushoto, lililokunjwa, alama ya Mungu, ule utani wake mwenyewe. Alisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza habari za familia nyingine. "Hapana, mwanangu," akasema. "Labda unamchanganya na mtoto fulani wa shule."

Niliinuka nikageukia ukuta ili nisiione picha. Nikafumba macho nimtafute Clem mwenyewe, yule wa mdomo unaoanza kucheka mapema. Nilingoja. Akaja yule wa picha, macho ya buluu, mdomo umefungwa, masikio laini. Nikajilazimisha kulikunja lile sikio, na sikuweza kukumbuka linakunjika kuelekea mbele au nyuma.


Jumatatu, 23 Desemba

Kikaratasi nimekiposti. Mtoto yule wa kitabuni ataingia kwenye Kamusi, dhaifu, mwenye dalili za kuishi, na mama yake akicheka.

Baridi imekuja, maji bondeni yameganda. Upepo umelitoa tofaa la mwisho lililosahaulika mtini kwa Bi. Hembrow, nikalisikia likianguka kwenye nyasi ngumu. Nilimtazama Mama. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha picha, na hakuinua kichwa.